Programu ya stakabadhi inakwama mwisho wa mwezi inapoitwa na mfumo wetu

mtunza_mfumo_njoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Njoro. Ninatunza mfumo mdogo wa Python unaohesabu maziwa ya wakulima wa chama chetu cha ushirika, na ambao kila usiku huita programu ya nje inayotengeneza stakabadhi za PDF. Siku za kawaida, tunaposhughulikia kituo kimoja au viwili, kazi huisha upesi. Mwisho wa mwezi, zikiwa zimeshatoka stakabadhi 820 hivi, programu hiyo husimama: haitumii kichakataji, haitoi ujumbe wowote, na mfumo wangu hubaki ukiisubiri hadi asubuhi, wakulima wakiwa wameshapanga foleni. Nikiiendesha kwa mkono kwenye terminali, inamaliza bila shida. Katika msimbo wangu ninasoma mkondo wa matokeo hadi mwisho, kisha mkondo wa makosa, kisha ninaita wait (amri ya kusubiri programu imalizike). Je, niweke kikomo cha dakika 10 ili iuawe?

fundi_wa_kisumu

Ndugu, usianze kwa kuiua, kwa sababu programu hiyo haina ugonjwa. Inausubiri mfumo wako. Katika Linux, bomba (njia ya kupitishia data) linalounganisha mchakato mzazi, yaani mfumo wako, na mchakato mtoto, yaani programu unayoiita, hubeba kwa kawaida baiti 65,536, na likijaa, mtoto anayeandika husimamishwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mpaka upande wa pili usome. Wewe unangoja mkondo wa matokeo ufike mwisho, naye mtoto hawezi kuufunga kwa kuwa amekwama akiandika kwenye mkondo wa makosa, ambao hujaanza kuusoma. Ikiwa kila stakabadhi huambatana na onyo la herufi 80 hivi, tuseme kuhusu fonti iliyokosekana, gawanya 65,536 kwa 80 upate 819. Kwenye terminali maonyo hayo huenda moja kwa moja kwenye skrini, ndiyo maana hukuona tatizo.

Tumia communicate ya Python, ambayo husoma mikondo yote miwili kwa pamoja, au elekeza mkondo wa makosa kwenye faili. Kwa kazi za usiku mimi hupendelea faili, kwa sababu asubuhi unapata kumbukumbu ya kusoma. Vilevile, elekeza ingizo kwenye DEVNULL, yaani mahali patupu pasipo na chochote cha kusoma. Programu nyingi zikikutana na jambo lisilo la kawaida huuliza nenosiri au idhini, na saa nane za usiku hakuna wa kujibu; kwa ssh (programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), chaguo la BatchMode=yes huifanya ishindwe mara moja badala ya kuuliza.

msimamizi_bungoma

Maelezo hayo ni sahihi, lakini kikomo cha muda bado kinahitajika, na kina mtego wake. subprocess.run ikipewa timeout humuua mtoto muda unapokwisha, ilhali communicate ya Popen (njia nyingine ya Python ya kuanzisha programu) hutoa tu kosa la TimeoutExpired na kumwacha mtoto akiwa hai, hivyo ni juu yako kumuua. Hata hivyo, ukitumia shell=True, yaani kupitia shell (programu inayopokea amri), anayeuawa ni shell peke yake; mjukuu, yaani programu iliyoanzishwa na shell, huendelea kulishikilia bomba, na mzazi anaweza kubaki akingoja vilevile. Ndiyo sababu mimi huanzisha mchakato kwa start_new_session=True, ili uwe na kundi lake, kisha muda ukipita hutuma SIGTERM (ishara ya kuomba programu ijifunge) kwa kundi zima kwa os.killpg, nasubiri sekunde chache, na SIGKILL (ishara ya kuua papo hapo) hufuata iwapo bado kuna aliyebaki.

Kuhusu stakabadhi zitakazokatizwa, andika kila faili kwa jina la muda na ulibadilishe likishakamilika, ili lililo na jina halisi liwe daima zima.

mtunza_mfumo_njoro

Nawashukuru nyote. Nimepima onyo lenyewe: lina baiti 80 kamili, pamoja na alama ya kufunga mstari. Nimeelekeza mkondo wa makosa kwenye faili na kurudia kazi ya mwezi uliopita, nayo imemalizika. Kesho nitaongeza kikomo cha muda kwa kundi zima, halafu nitafute fonti inayokosekana.