Nipo siku ya 12 kati ya 60 za mazoezi ya nyumbani, mwili umegoma. Naombeni ushauri

Mama wa Kimanga (mleta uzi)

Habari za jioni wapendwa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tabata Kimanga, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Kazi yangu ni ya kukaa: nachapa na kutoa kopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Mwezi wa tatu nilikwenda kupima, presha ikasoma 138 kwa 88, mzani ukasoma kilo 87. Daktari hakunipa dawa. Alisema punguza chumvi, anza mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 52, kwa hiyo maneno yale yaliniingia.

Jimu siiwezi, si kwa pesa wala kwa muda. Mdogo wangu wa kiume akanirushia programu ya vidio kwenye simu: siku 60, siku sita kwa wiki, dakika 40 kila siku. Sekunde 20 unafanya, 10 unapumzika, unarudia. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, ubao (kukaza mwili ulionyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu), na lile zoezi la kushuka chini mpaka kifua kiguse sakafu halafu unainuka na kuruka juu ukipiga makofi. Hilo ndilo linaloniua.

Siku ya kwanza nilifika dakika ya 14 nikalala kwenye mkeka. Siku ya tatu nilikuwa siwezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Leo ni siku ya 12 na sijamaliza vidio hata moja mpaka mwisho. Jana nilikaa ukingoni mwa kitanda, raba nimevaa, simu mkononi, nikashindwa kubonyeza. Nikavua raba nikaenda kuloweka maharage.

Sitaki kuacha. Mwaka juzi nilianza kuruka kamba, nikaacha wiki ya pili. Mwaka jana nilianza kutembea asubuhi, masika yakaja, nikaacha. Naogopa hii iwe ya tatu. Nikomae nayo hivi hivi ilivyo, au nipunguze? Nikipunguza si ndiyo mwanzo wa kuacha? Na haya maumivu ya mapaja ni ya kawaida? Mliowahi kumaliza, siku mwili umegoma mlifanyaje?

Mkimbiaji wa Temeke

Dada hongera kwa kuanza. Ushauri wangu ni mmoja: komaa. Mwili ni mvivu, ukiusikiliza kila siku utakuambia lala. Kwenye kundi letu la kukimbia Jumamosi alfajiri tumepokea watu waliokuwa hawawezi kumaliza hata uwanja mmoja wa mpira, leo wanakwenda kilomita 10. Wiki ya tatu kifua kitafunguka. Usipunguze hata sekunde moja.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkuu, nia yako ni njema lakini umeruka jambo. Dada ameandika 138 kwa 88, na baba yake alipata kiharusi. Huyo simwambii akomae kabla sijamuuliza swali hili: dada, daktari uliyemwona ameiona hiyo vidio? Daktari akisema "mazoezi" huenda anawaza kutembea haraka haraka. Wewe umeanza na kuruka. Mrudie, mwonyeshe kwenye simu, dakika mbili tu. Usisubiri miezi mitatu iishe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili. Sasa piga hesabu yako: dakika 40 mara siku sita ni 240, zote kali, na umetoka kwenye kiti cha kuchapa. Mwongozo huo huo unasema mtu aanze kidogo na kuongeza polepole.

Maumivu ya mapaja yanayokuja kesho yake, yakizidi siku ya pili au ya tatu kisha yakaanza kupungua, ni ya kawaida kwa misuli iliyopewa kazi isiyoizoea. Ndiyo maana kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda. Yasiyo ya kawaida ni haya: kifua kubana au kuuma, kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda ovyo, goti moja kuuma kwa ukali palepale unapolikunja. Na hili wengi hawalijui: misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, halafu mkojo ukawa na rangi kama chai ya rangi iliyokolea, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli ikivunjika sana taka zake huumiza figo.

La mwisho, usizuie pumzi kwenye pushapu na ubao. Kuzuia pumzi kunapandisha presha ghafla. Hesabu kwa sauti, ukihesabu huwezi kuzuia pumzi.

Niliachia Siku ya 19

Dada, hapo ukingoni mwa kitanda na raba miguuni napafahamu. Nimekaa hapo sana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, niko Mwanza. Nilianza programu ya namna hiyo na kalenda nyuma ya mlango, kila siku naweka alama ya wino mwekundu. Nilikwenda vizuri hadi siku ya 19. Tukapata msiba kijijini, nikakaa siku nne. Niliporudi nikaangalia vile visanduku vinne vitupu, nikaona nimeshaharibu, nikaichana kalenda. Dakika moja tu. Kazi ya siku 19 ikaisha kwa sababu ya visanduku.

Nilirudi baada ya miezi mitano, nikabadilisha kitu kimoja. Sikujiahidi tena kumaliza vidio. Nilijiahidi kutandika mkeka na kupasha mwili joto kwa dakika tano. Baada ya hapo nina ruhusa kamili ya kukunja mkeka na kwenda kulala, na nimeshatimiza. Kuna siku niliitumia ruhusa hiyo bila kujilaumu. Siku nyingi, dakika tano zikiisha mwili umeshaamka na ninaendelea.

Na sikuhama wiki mpaka niiweze. Wiki ya kwanza niliirudia mara tatu. Siku 60 zikawa karibu mia. Hakuna aliyekuja kunidai.

Lile zoezi linalokuua fanya hivi: mikono iweke ukingoni mwa kitanda, siyo sakafuni. Rudisha mguu mmoja nyuma, halafu wa pili, kifua kisishuke. Rudisha miguu mmoja mmoja, simama wima, nyoosha mikono juu. Hakuna kuruka, hakuna kishindo cha kuamsha wapangaji wenzio. Pushapu anza na ukuta. Ukifikisha 15 bila kutetemeka hamia kwenye meza imara, kisha kigoda, kisha sakafu. Mimi kutoka ukutani hadi sakafuni nilitumia wiki tisa.

Kuhusu kupunguza kuwa mwanzo wa kuacha, naona kinyume chake. Mtu anaacha kwa sababu kila jioni analala akijiona ameshindwa. Siku 12 umemaliza vidio sifuri, hiyo ndiyo hesabu unayojisomea. Ungekuwa na vidio ya dakika 15, leo ungekuwa umemaliza 11.

Mwalimu wa Baiolojia

Niongezee hapo. Hii mitindo ya sekunde 20 kazi na 10 mapumziko imeenezwa na utafiti wa Profesa Izumi Tabata wa Japani, uliochapishwa 1996. Jina halihusiani na Tabata yetu, limegongana tu. Waliopimwa walikuwa vijana wanafunzi wa elimu ya viungo, wenye mazoezi tayari, juu ya baiskeli ya ndani, kwa wiki sita, na zoezi lenyewe lilikuwa la dakika nne hivi. Dakika nne! Vidio yako imechukua mpangilio wa sekunde wa wale vijana ikaurefusha mpaka dakika 40. Ukishindwa kwenye dakika ya 14 huna upungufu wowote.

La pili ni la mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London (UCL) walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 96 waliochagua jambo moja jipya la kufanya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuja lenyewe bila kujisukuma, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Kwa hiyo hata ukimaliza zote 60, huenda siku ya 61 bado utajisukuma. Jiandae kwa hilo mapema, lisije likakuvunja moyo.

Mama Mapacha

Mdogo wangu, hujasema saa ngapi unafanya.

Mama wa Kimanga

Saa tatu usiku dada, nikishaosha vyombo na mtoto akishalala. Ndiyo saa pekee ninayokuwa peke yangu.

Mama Mapacha

Hapo ndipo penye tatizo. Saa tatu usiku umeshatoka kazini, umeshaning'inia kwenye daladala, umeshapika, umeshaosha. Unaudai mwili kitu ulichokwishautoa. Jaribu alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kabla ya mtu hajakuita jina. Lala na nguo za mazoezi. Raba ziweke mlangoni, ukitoka unazikanyaga. Vidio ipakue siku ya mapumziko ibaki kwenye simu, bando lisije likawa sababu.

Na mtoto usimngoje alale. Wangu wawili wananihesabia. Mwanzoni walinipanda mgongoni kwenye ubao, nikawapa kazi ya kuhesabu, wakatulia. Ana miaka mingapi wako?

Mpishi wa Nyumbani

Mimi naja kwenye chumvi, maana presha haipo kwenye mkeka peke yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hicho ni pamoja na chumvi iliyomo ndani ya vyakula. Vile vidonge vya kuunga mchuzi vina chumvi nyingi. Ukitia vidonge viwili halafu na chumvi juu yake, umeshapita. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, nyanya zikaangwe mpaka ziive kabisa. Dagaa wa chumvi loweka, mwaga maji, loweka tena.

Kabla ya mazoezi ya alfajiri ndizi mbivu moja inatosha. Baada ya hapo maharage, yai, dagaa, choroko. Misuli inayouma inajengwa na hivyo. Usifanye mazoezi halafu ukajinyima chakula ili kilo zishuke haraka. Wiki ya pili utakuwa huna nguvu hata ya kukasirika.

Niko Maskati

Salaam kutoka Oman. Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, mazoezi yetu ni ndani tu. Joto la Dar na unyevu wake si dogo pia. Dirisha wazi, feni iwake, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukiona jasho limekata ghafla na kichwa kinauma, acha, kaa penye hewa. Zaidi ya hapo sina, nesi amemaliza.

Mkimbiaji wa Temeke

Nesi, nimekuelewa, presha sikuizingatia. Dada nafuta lile la kutopunguza. Lakini Jumamosi moja njoo utembee na sisi. Wapo wakina mama wanaotembea mwanzo mwisho na tunawangoja.

Mama wa Kimanga

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana. Nilirudi kwa daktari na simu yangu. Aliangalia ile vidio kidogo akaniuliza nani kanipa. Amesema wiki mbili za kwanza nitembee haraka dakika 20 kila siku, nifanye yasiyo ya kuruka, kisha nirudi nipimwe kabla ya kuongeza. Mwanangu ana miaka mitano, dada Mama Mapacha.

Kesho alfajiri naanza upya na ruhusa ya kaka wa Mwanza. Dakika tano.

Mama wa Kimanga

Mrejesho, wiki ya nne sasa. Nimekosa alfajiri tatu: moja mvua ilivuja sebuleni, mbili mtoto alikuwa na homa. Zamani ningeishia hapo. Nilitumia ile ruhusa ya kukunja mkeka mara mbili, mara zote nyingine niliendelea. Vidio ya dakika 15 nimemaliza mpaka mwisho, mpaka yule mwalimu anapopunga mkono. Nilikuwa sijawahi kumwona akipunga.

Presha wiki iliyopita ilisoma 132 kwa 84. Kilo zimeshuka moja na nusu tu, ila daladala ikijaa nashuka kituo kimoja kabla na pumzi inanitosha.

Pushapu nimetoka ukutani, nipo kwenye meza ya kulia, zinafika nane. Nilitaka kuandika kumi, maana mwanangu ndiye mhesabuji na alinipigia kelele za kumi. Nimekuja kugundua kila siku akifika sita anakwenda nane, halafu tisa hana kabisa.

Mama Mapacha

Mwache ahesabu hivyo hivyo. Wewe ongeza mbili.