Nataka kupima damu bila kupitia kwa daktari, maabara za Tanga mjini wanakubali?

Mwana wa Makorora
Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Nina miaka 41, siumwi. Ila mzee wangu ana kisukari, baba mdogo naye kaanza, na mimi kitambi ndio hicho kinakuja. Tatizo hospitali unalipia kumuona daktari, unakaa benchi mpaka adhuhuri, halafu anakuuliza unaumwa nini. Nimjibu nini? Huku Ngamiani kuna maabara binafsi wana ofa ya chekapu ya mwili mzima: sukari, mafuta, ini, figo, tezi dume, taifodi, vidonda vya tumbo, vyote bei moja. Niichukue?

Pweza Mkavu
Wengi wanakubali mkuu. Unasema unachotaka, unalipa, unatolewa damu, unafuata karatasi yako baadaye. Kwa bima ndio usitegemee bila daktari kuandika, toa mfukoni.

Bi Chumbageni
Mdogo wangu, kwanza hakikisha wanachoma sindano kweli. Kuna wale wa kompyuta na kijiti cha chuma unashika mkononi, mara unaambiwa ini limechoka, figo zina sumu, na dawa ya hiyo sumu ipo hapo hapo mezani! Pale hakuna damu iliyopimwa.

Mshika Darubini
Nafanya kazi maabara (si hiyo ya Ngamiani, msinitafute). Mkuu, achana na hilo furushi. Viwango vingi vya kawaida unavyoviona kwenye karatasi vimepangwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya waangukie ndani. Maana yake katika kila wazima 20, mmoja ataandikiwa "juu" au "chini" na haumwi chochote. Sasa pima vitu 20 kwa mpigo uone kama utakosa mshale hata mmoja. Hapo ndipo watu wanapoanza kumeza dawa.

Taifodi usipime kabisa kama huna homa. Kile cha Widal kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, si bakteria wenyewe, kwa hiyo ugonjwa wa zamani unaweza kusoma leo. Vidonda vya tumbo kwa damu ni yale yale, mtu katibiwa, kapona, karatasi bado inasema chanya.

Ningekuwa wewe ningechukua sukari ya kufunga, HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), mafuta na kreatinini ya figo. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L au HbA1c asilimia 6.5, usijitangaze mgonjwa kwa karatasi moja, maana huna dalili. Kirudiwe, na hapo hela ya daktari huikwepi. Kama kwenu kuna selimundu sema mapema, HbA1c inaweza kudanganya.

Pweza Mkavu
Na presha mbona hamsemi? Hiyo haitaki hata tone la damu.

Mwana wa Makorora
Presha nitapima. Tezi dume je?

Mshika Darubini
Kwa umri wako na huna shida ya mkojo, acha. PSA, hicho kipimo cha damu cha tezi dume, inapanda hata kwa UTI, au ukikutana na mkeo usiku wa kuamkia kipimo.

Bi Chumbageni
Haya sasa 😂

Mwana wa Makorora
Nimewaelewa, nachukua hivyo vinne. Huko kufunga ni kwa masaa mangapi? Na kahawa chungu ya barazani inaruhusiwa?

Mshika Darubini
Masaa 8 angalau. Maji matupu.