Florida: jumla ya alama iamue pori lipi liokolewe?

Mwanzisha mada
Wakuu, nina ugomvi na ramani moja. Tume ya wanyamapori ya jimbo la Florida, FWC, ina ramani inayotoa alama kwa kila eneo, 1 hadi 10. Wanatazama mengi: pori lina ukubwa gani kabla barabara haijalikata, spishi adimu zilizoonekana hapo, umbali kutoka hifadhi iliyo jirani. Kisha wanajumlisha. Mpanga barabara akiifungua ramani hiyo, anachoona ni rangi tu.

Mimi nagomea hapo kwenye kujumlisha. Chukueni jei wa vichakani, ndege wa buluu asiyepatikana popote duniani nje ya Florida. Anataka vichaka vya mwaloni visivyozidi kimo cha mtu, na katikati yake mabaka ya mchanga mtupu, ambamo kila jei hufukia maelfu ya mbegu za mwaloni kwa mwaka. Vichaka hivyo vimebaki vipandevipande, vingi kwenye tuta la Lake Wales, ambalo zamani, bahari ilipokuwa juu, lilikuwa visiwa. Kipande kama hicho, kimebanwa na michungwa huku na nyumba kule, kwenye ukubwa kinaanguka vibaya. Ranchi ya ng'ombe inakizidi kwa alama. Lakini malisho yako kwingine pia. Tuta lile halina pacha.

Kisicho na mbadala kilindwe kwanza, nje ya hesabu ya alama. Vinavyobaki ndivyo vigombanie alama.

Kobe wa Mchangani
Mkuu, umeionea ramani. Jei yumo humo humo: maeneo muhimu kwa spishi adimu yalichorwa tangu 1994, na yana uzito wake kwenye jumla. Halafu ranchi unayoibeza ndiyo njia ya puma, yule paka mkubwa wa mwituni. Puma wakubwa wanakadiriwa 120 hadi 230, na wanazaliana kusini mwa mto Caloosahatchee. Tangu 1973 hakuna jike lililothibitishwa kaskazini ya mto huo, mpaka lilipopatikana 2016. Lilihitaji nini huko, kama si ardhi pana? Ndiyo maana sheria ya ushoroba wa wanyamapori ya 2021 iligusa ekari kama milioni 18, na kati ya hizo karibu milioni 8 bado hazijalindwa. Fungu la kununulia ardhi ya kulindwa lina mwisho. Ukilimaliza kwa vipande vidogo, puma unamwambia nini?

Mchoma Nyasi
Nyote mnabishania ununuzi. Nani atachoma? Vichaka vya jei visipopata moto kwa miaka ishirini hivi vinarefuka, mchanga unafunikwa, na ndege anahama au anakwisha. Ramani itaendelea kusema "vichaka", kwa sababu kutoka angani bado ni vichaka. Na ukiwa na nyumba pande tatu, moshi unaingia madirishani. Siku ya kuchoma inaahirishwa, mwaka unapita. Jambo jingine dogo: rekodi za spishi adimu hujaa pale watafiti walipofika. Ranchi iliyofungwa geti inaonekana tupu, kumbe haijakaguliwa.

Mwanzisha mada
Kobe, puma sikumdharau, ila nakubali nimeiongelea ranchi kama uwanja wa mpira. Hata hivyo, kuwa na uzito kwenye jumla si kinga. Ukubwa ukikosekana, uzito huo unamezwa.

Kwenye moto nimebanwa, nasema kweli. Basi nijibuni hili, maana mimi mwenyewe napepesuka: ekari 50 za vichaka, familia mbili za jei, nyumba pande tatu, na hakuna aliyechoma kwa miaka kumi na tano. Zinunuliwe, au fedha ziende ranchi?