Naomba ushauri: Nikon D3300 au Canon 700D, bajeti laki nane

Habari zenu wakuu. Natafuta DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) ya kwanza, ya kupigia picha za sendoff na harusi ndogo, ukumbini usiku. Bajeti ni laki nane, lenzi ikiwemo.

Nimebakiza mbili, zote zimetumika, kila moja na lenzi yake ya 18-55. D3300 ina megapikseli 24, lakini bodi haina mota ya fokasi (ya kuweka picha iwe kali): ukifunga lenzi ya Nikon ya zamani, aina ya AF-D, fokasi unazungusha kwa mkono. 700D ina megapikseli 18, ila lenzi za Canon za EF zina mota zake, hata ile 50mm f/1.8.

Picha ya JPEG ya D3300 inaonyesha shata (pazia linalofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara 41,000. Nikon wanakadiria itadumu mara 100,000. 700D haiandiki idadi hiyo ndani ya picha, na muuzaji anasema "imetumika kidogo" (wote husema hivyo). Nimepiga nayo ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), nikaona vidoa viwili vya vumbi kwenye sensa.

Je, kwa ISO 3200 (usikivu wa mwanga wa juu, wa kupigia gizani), chenga za hizi mbili zinatofautiana mkichapisha picha ya A4? Na hesabu ya shata ya 700D mnaisoma kwa programu gani?