Moto ya 125 inazima kwenye ralanti (gazi ikiachiwa) ikishapata joto: nianzie wapi?

Motari wa Himbi

Wakubwa, salamu kutoka Goma. Niko na moto ya 125 ya kabureta, kilometa 31,000. Asubuhi inawaka kwa kiki moja na inatulia vizuri. Nikishazunguka mjini dakika kama 15, kila nikisimama, tuseme pale rond-point Signers, nikiweka neutro na kuachia gazi, sauti inashuka, injini inatetemeka mara mbili tatu, inazima. Inawaka tena kwa kiki, ila lazima nishikilie gazi. Barabarani nguvu iko, vitesi vyote viko sawa.

Nimeweka buji (plagi) mpya na nimepuliza filtre ya hewa. Fundi aliinua ralanti kwa skrubu. Sasa haizimi sana, lakini nikiachia gazi injini inaendelea kulia, na kwenye mteremko hainishikilii. Nimeambiwa ninunue kabureta nzima mpya. Ni kweli?

Fundi Birere

Ndugu, usinunue kitu bado. Rudisha kwanza hiyo skrubu ya ralanti pale ilipokuwa. Inafungua tu njia ya hewa kidogo zaidi; inaficha ugonjwa, na ugonjwa ukifichwa hauwezi kupimika. Moto za aina hiyo hutulia kati ya mizunguko 1,300 na 1,500 kwa dakika.

Maelezo yako yameshatoa mambo mengi kwenye hesabu. Nguvu iko barabarani, basi jikleri kubwa (kitundu cha kabureta kinachopimia mafuta) inapitisha, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi halijaziba. Inazima ikiwa neutro, basi siyo ambreyaji (klachi) inayovuta. Yamebaki matatu ya kuanzia: njia ndogo ya mafuta ya ralanti, hewa inayoingia kwa wizi baada ya kabureta, au supape (valvu) zilizokazwa mno.

Fanya hivi injini ikiwa na joto, wakati ule ule inapotaka kuzima. Vuta starteri (choki, ile inayobana hewa ya kabureta) nusu. Ikitulia na kupanda, injini ina njaa: inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Ikikohoa moshi mweusi na kufa haraka zaidi, imeshiba kupita kiasi, na hapo utatafuta boya lililo juu mno, sindano ya boya isiyofunga au filtre iliyoziba.

Kisha changanya maji na sabuni ya kufulia ndani ya chupa, toboa kifuniko, unyunyize taratibu kuzunguka shingo inayounganisha kabureta na kichwa cha injini, na upande wa chini pia. Mahali ambapo sauti inabadilika ndipo hewa inapoibwa. Usitumie esansi (petroli) kwa kipimo hiki hata ukiwaona wengine wanafanya. Ekzosi iko karibu pale na ina joto la kutosha kuwasha.

Mama Jikleri

Naongeza la mafuta, kwa sababu sisi wa huku Bukavu na nyinyi wa Goma tunanunua sana kwa kadafi, wauzaji wa esansi kando ya barabara. Toa mafuta ya kikombe cha kabureta kwa skrubu ya chini, yaingize kwenye chupa nyeupe ya plastiki, uache dakika 15. Maji yatakaa chini kama lulu zinazotembea ukiinamisha chupa. Maji kidogo tu yanatosha kuharibu ralanti, maana huzama chini ya kikombe na jikleri zinachota huko huko.

Kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa, dondosha tone la esansi kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi bila kuacha kitu. Iliyochanganywa inaacha doa la mafuta linalong'aa ukiinua karatasi kwenye mwanga.

Na urefu wa mahali usisahau. Goma na Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15. Kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inamwaga mafuta mengi kidogo huku kwetu. Mimi ningeanza na skrubu ya mchanganyiko (ile inayopanga hewa na mafuta ya ralanti), niipunguzie mafuta.

Fundi Birere

Mama, la mafuta nakubali kabisa. La skrubu ningengoja. Urefu unafanya moto ishibe, na moto hiyo imekuwa hapa miaka yote; urefu haujabadilika, kitu kingine ndicho kimebadilika. Tukigusa skrubu kabla ya kipimo cha starteri tutapoteza alama.

Motari wa Himbi

Nimepima. Mafuta hayana maji, karatasi imekauka safi. Starteri nusu: moto inatulia kabisa, inapanda. Maji ya sabuni upande wa juu wa shingo hakuna kitu. Chini, upande wa kushoto, sauti ilibadilika mara moja na mapovu yakavutwa ndani.

Fundi Birere

Basi umeipata ya kwanza. Funga robine ya mafuta, fungua kabureta, kisha toa shingo. Ina boliti mbili, mara nyingi za spana ya 8 au 10. Utakuta kipande cheusi kigumu kinachozuia joto lisifike kwenye kabureta, na ringi ya mpira kila upande. Tazama vitu vitatu.

Ringi: ikiwa imelala bapa na imekuwa ngumu kama plastiki, badilisha. Chukua ya zamani uende nayo dukani, ulinganishe unene na upana, na uhakikishe ni mpira wa kustahimili mafuta. Mpira wa kawaida unavimba ndani ya wiki chache na kutoka kwenye mfereji wake.

Kipande cheusi: kiinamishe taratibu kwenye mwanga utafute ufa kwenye matundu ya boliti. Kikiwa na ufa, hakuna gundi ya kukiokoa.

Uso wa shingo: weka kwenye kioo cha dirisha. Ikicheza pembe kwa pembe, imepinda, na inapindishwa na watu wanaokaza boliti kwa nguvu zote. Bandika karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo, sugua kwa mwendo wa namba 8 hadi uso wote uwe na rangi moja, kisha osha vumbi lote.

Wakati wa kurudisha, kaza boliti kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Boliti ya milimita 6 inataka kama Nm 10, yaani nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Na tafadhali usipake silikoni. Esansi inailainisha, vipande vinaingia kwenye injini, na uvujaji unarudi.

Kwa kuwa kabureta iko mkononi, safisha njia ya ralanti. Ile skrubu ndogo ya mchanganyiko, kabla ya kuitoa ikaze polepole huku ukihesabu mizunguko hadi iguse, uandike hesabu. Usiibane ikishagusa, ncha yake ni kama ya sindano na inapinda. Nyuma yake kuna springi, washa ndogo (kile kisahani chenye tundu), na kiringi cha mpira kidogo sana ambacho mara nyingi hubaki ndani ya tundu. Kikipotea, hewa inaibwa hapo hapo na utarudi kutuuliza swali lile lile.

Jikleri ya ralanti ni ile nyembamba kando ya ile kubwa. Inua kuelekea jua na uchungulie. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, au hakuna kitu, imeziba. Tundu lake ni sehemu ya milimita, kwa hiyo usiingize waya wa chuma wala ncha ya pini. Shaba ya jikleri ni laini na tundu likipanuka huwezi kulirudisha. Loweka, puliza, na ukihitaji tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Kisha pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye tundu la skrubu uone inatokea kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na pistoni ya kabureta. Funika macho, inaruka.

Dereva Ndosho

Filtre nayo uliipuliza kutoka upande gani? Hapa kwetu vumbi la makoro (mawe ya volkano) ni jeusi na kali kama kioo. Ya karatasi haioshwi; inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, vinginevyo unausukuma mchanga ndani zaidi. Ya sponji inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa kivulini, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa hadi isidondoke. Sponji kavu inapitisha vumbi lote.

Motari wa Himbi

Ringi ilikuwa bapa, nimebadilisha zote mbili. Shingo ilikuwa inacheza, nimeisugua kwenye kioo. Jikleri ilionyesha mwezi, sasa ni duara. Skrubu ilikuwa mizunguko miwili na robo, nimeirudisha pale. Maji ya sabuni hayabadilishi kitu tena. Asubuhi iko vizuri sana. Lakini baada ya nusu saa ya kazi, sauti bado inashuka, na mara moja ilizima. Sasa starteri haisaidii.

Mama Jikleri

Starteri haisaidii tena: njaa imekwisha. Sasa fungua supape. Nafasi ikiwa ndogo, chuma kikipata joto kinarefuka, supape haikai kabisa kwenye kiti chake, mgandamizo unavuja. Kwa mwendo wa kasi injini haisikii. Kwenye ralanti, ambapo nguvu ni ndogo, inakufa. Ya ekzosi ndiyo huanza. Na haipigi kelele, ndiyo maana watu wanasifu injini "imenyamaza" wakati inaungua.

Pima injini ikiwa imelala usiku kucha. Toa buji, toa vifuniko viwili vya kichwa na vile viwili vya upande wa volan (gurudumu zito linalozunguka na injini). Zungusha volan kwa spana kinyume cha saa kama ndivyo injini yako inavyozunguka, hadi alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ikae mbele ya mshale. Shika mikono yote miwili ya supape: zote zicheze. Kama moja imebana kabisa, jaribu tena baada ya mzunguko mzima mmoja, huenda uko kwenye zamu ya kutoa moshi. Vipimo viko kwenye kitabu cha moto; kwa nyingi za ukubwa huo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10. Kibati cha kupimia kinatakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo. Ukikaza nati, pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kuzunguka pamoja nayo.

Motari wa Himbi

Mama, asante sana. Ya kuingiza ilikuwa 0.06, kitabu kinasema 0.05, nimeiweka sawa. Ya ekzosi kibati cha 0.04 hakikuingia kabisa hata alama ya T ikiwa sahihi, nimeiweka 0.10 kama kitabu kinavyosema. Nimetoka Himbi hadi Sake na kurudi, nimesimama mara nyingi, haijazima. Ralanti nimeishusha, na kwenye mteremko inanishikilia. Sasa skrubu ya mchanganyiko niiguse?

Fundi Birere

Sasa ndiyo. Injini ikiwa na joto na filtre ikiwa mahali pake, zungusha robo kwa robo, ungoje sekunde tano kila mara, utafute pale sauti inapokuwa juu kuliko pote. Kisha shusha ralanti hadi 1,400, urudie mara moja. Angalia kwanza skrubu iko upande gani: ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta, ikiwa upande wa filtre, kuifungua kunaongeza hewa. Supape ya ekzosi ipime tena baada ya kilometa 500. Kama imeshabana tena, kiti chake kinaliwa, na hapo kichwa cha injini lazima kifunguliwe.