Tupeane uzoefu: serikali ya mtaa kwa sisi wa pembezoni mwa Dar

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tunaohesabiwa wakazi wa Dar es Salaam huku uani kuna mihogo na minazi: Pembamnazi, Kimbiji, Msongola, Zingiziwa, Mabwepande, Kwembe na wenzao. Kwenye makaratasi tuko manispaa au jiji, lakini lami tunaikanyaga tukienda Kariakoo. Tusimuliane: ulipeleka nini serikali ya mtaa, na kikatokea nini? Mambo ya vyama yana nyuzi zake, tafadhali.

Naanza mimi. Kwetu kuna mkondo wa maji unaokatiza barabara, mvua za masika zikinyesha watoto wanavushwa mgongoni kwenda shule. Ukaitishwa mkutano mkuu wa mtaa chini ya mwembe, watu wakaomba kalavati mpaka sauti zikakauka, mwenyekiti akaitikia kila kitu. Miezi ikapita, kimya. Kuna mzee mmoja, mtumishi mstaafu, akaenda ofisini kuomba asome muhtasari. Akafunguliwa daftari la kaunta. Kalavati halimo. Kilichoandikwa ni "wananchi walichangia mada mbalimbali", basi.

Mkutano uliofuata, kabla ajenda hazijafunguliwa, mzee akasimama: muhtasari uliopita usomwe kwanza. Ukasomwa, watu wakaguna. Safari hii hoja ikaandikwa jinsi ilivyosemwa, orodha ya mahudhurio yenye saini ikaambatanishwa, ikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko ndiko tulikojua kwamba barabara za aina hii ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, maana yake hata diwani naye ni mwombaji. Makalavati yaliletwa, kifusi tukachangishana. Siwezi kuapa kuwa ni daftari peke yake, uchaguzi nao ulikuwa unanukia 😀. Ila kisichoandikwa hakitoki mtaani.

Mchicha wa Msongola
Mkuu umegusa penyewe. Sisi tuna kikundi cha akina mama, tunafuga kuku. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) tulianza kuifuatilia, mikopo ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024, tukaanza upya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hakutuuliza habari za kuku hata kidogo. Alitaka katiba, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, barua ya mtaa, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo, na saini za wanachama wote. Wenzetu wa kikundi kingine wana banda kubwa kuliko letu, wakarudishwa kwa sababu muhtasari wao ulikuwa na saini ya mwenyekiti na katibu tu. Akina dada, andikeni hata kikao cha kugawana mayai.

Kijiwe Nongwa
Ofisi ya mtaa kwetu ni kufuli. Mwenyekiti yuko kwenye kahawa na bao, ukimfunga anakugongea muhuri.

Bajaji ya Jioni
Hahaha. Lakini tumwonee huruma, mwenyekiti hana mshahara, anasubiri posho. Mwajiriwa ni mtendaji. Watu wengi wanambana mwenyekiti kwa kazi ambayo kalamu yake anayo mtendaji.

Kwembe Juu
Posho isiwe sababu. Mimi nilinunua kiwanja, sitaji mtaa. Siku ya kuandikishana naambiwa nitoe asilimia fulani ya bei, "ndio utaratibu". Nikasema sawa, nipeni namba ya malipo ya serikali nilipie, mnipe risiti. Wakatazamana. Asilimia ikashuka ikawa "mchango wa ofisi", ikashuka tena ikawa soda. Sikugombana na mtu, niliuliza risiti tu. Na kabla ya hapo nilishazungumza na majirani wa pande zote nne, kwa sababu muhuri hauzuii kiwanja kuuzwa mara mbili.

Pantoni ya Alfajiri
Tatizo langu liko kwenye siku. Mkutano unaitwa Jumanne saa nne asubuhi. Sisi tunaotoka nyumbani giza kutafuta pantoni au kuzungukia darajani tutauhudhuria saa ngapi? Wanabaki wazee na akina mama wenye watoto, halafu jioni tunakuta mchango wa ulinzi shirikishi umeshapitishwa. Kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu, lakini ujumbe wa Jumanne asubuhi ni wa jina tu.

Mwanzisha uzi
@Pantoni hilo kwetu tulilipeleka kama ajenda, likaandikwa. Sasa ni Jumapili saa kumi alasiri, tangazo linapita na bodaboda yenye kipaza sauti tangu Ijumaa. Tumeomba pia mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Hilo bado, kilichobandikwa mpaka leo ni kalenda ya mwaka jana na tangazo la mbuzi aliyepotea.

Mchicha wa Msongola
Mbuzi alipatikana?

Mwanzisha uzi
Alipatikana, dada. Wa Zingiziwa na Mabwepande mbona kimya, nyie mnaitwa siku gani?