Mrejesho: yale madoa meupe kooni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu madoa meupe kooni yasiyoisha: sina homa wala maumivu, ila mdomo unanuka hata nikitoka kupiga mswaki. Wengi mlishuku fangasi, wengine bakteria.

Nimepimwa. Daktari alichukua ute kooni kwa pamba, bakteria wanaoambukiza koo hawakuonekana. Fangasi pia aliikataa, maana utando wake kwa kawaida hutanda hadi kwenye ulimi na ndani ya mashavu, na ukikwanguliwa huacha wekundu. Yangu ni vijiwe vya tonsili (vile vinyama viwili vya pembeni mwa koo): mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria hujikusanya kwenye vishimo vya tonsili na kuganda. Alibonyeza pembeni taratibu, kikatoka kipande cha njano-njano kama punje ya mchele. Harufu yake, acha tu!

Aliyeshauri kusukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, ubarikiwe, vimepungua sana. Havijaisha lakini, upande wa kushoto bado vinarudi. Antibayotiki sikupewa, na suala la kukata tonsili tumeliweka kiporo. Asanteni nyote, hasa aliyenikataza kuchokonoa kwa kijiti cha meno.